Nani Ampime Mpimaji?

Ndugu wasikilizaji, mtu akiishiwa umeme wa LUKU akanunua mwingine, huingiza zile tarakimu ishirini kisha husubiri. Mita ikikubali, ndani yake husikika mlio mdogo: "tak!" Taa zinawaka, watoto wanashangilia, friji inaanza kunguruma. Wengi wetu tumeusikia mlio huo miaka nenda miaka rudi bila kujiuliza ni kitu gani kinacholia mle ndani. Wiki hii nataka tuizungumzie hiyo "tak", kwa sababu kuna kijana mmoja wa hapa kwetu Kerege ambaye nusura apoteze kazi yake na jina lake kwa kosa la kitu hicho hicho.

Kinacholia huitwa rilei. Kwa maneno mepesi, rilei ni swichi ambayo haibonyezwi kwa kidole, bali huvutwa kwa umeme. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kama uzi wa cherehani. Umeme mdogo ukipita humo, waya unageuka kuwa sumaku. Sumaku inavuta kibapa cha chuma, kibapa kinasukuma ncha mbili zikagusana, na umeme mkubwa unapata njia ya kupita. Mafundi wetu wa magari ya zamani wangeziita ncha hizo platini, na wala wasingekosea sana.

Jina lenyewe lina maana ya kupokezana, kama wanariadha wanavyopokezana vijiti. Lilitokana na simu ya maandishi ya karne ya 19. Umeme uliosafiri kwenye waya mrefu ulifika mwisho wa safari umechoka, hauna nguvu ya kuandika neno. Mnamo mwaka 1835 Mmarekani Joseph Henry alionyesha jinsi umeme huo uliochoka unavyoweza kuvuta swichi ya umeme mwingine wenye nguvu, nao ukaipokea safari. Sisi watu wa pwani hii si wageni wa habari hizo. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, na mwaka 1890 waya mwingine ukaiunganisha Bagamoyo yetu na Unguja na Dar es Salaam. Leo rilei zimo kwenye stabilaiza ya friji, kwenye pampu ya kisima, na kwenye gari lako unapowasha indiketa ukasikia tik-tak, tik-tak.

Sasa tuje kwa kijana wetu.

Jumatano moja alasiri nilikuwa barazani, nikapita kijana wa jirani yangu anateremka kwenye bodaboda. Si saa yake ya kurudi. Kijana huyu huamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala ya kuelekea mjini kupitia Bunju na Tegeta, na hurudi giza limekwisha kuingia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona mapema leo?"

"Nimesimamishwa kazi, mjomba."

Nikamkaribisha, akaketi, akanieleza. Anafanya kazi katika karakana moja mjini, ambayo sitaitaja, inayounda chaja na inveta. Vijana wanalehemu vifaa kwenye bodi, kisha kila bodi hupelekwa kwenye mashine ya kupimia. Mashine hiyo haihitaji fundi wa kushika mita. Unalaza bodi juu ya kitanda cha pini, unafunga kifuniko, na kompyuta inafanya kazi yote yenyewe. Inawasha bodi, inapima hapa, inapima pale, inaongeza umeme, inapunguza. Haijafika hata dakika moja, inawasha taa: kijani ni nzima, nyekundu ni mbovu.

Mita iliyomo ndani ya mashine ni moja tu, lakini sehemu za kupima ni nyingi. Ndiyo maana mle ndani zimepangwa rilei 64. Zinafunga na kufungua kwa zamu, kila moja ikiipa mita njia ya kwenda sehemu yake. Ukisimama karibu, kijana ananiambia, utadhani mvua ya manyunyu inapiga bati.

Kwa wiki tatu mfululizo taa nyekundu zilikuwa zimezidi. Bosi akachukua orodha, akaona bodi nyingi zilizokataliwa zimepita mikononi mwa vijana watatu. Akahitimisha kwamba wanalehemu ovyo. Wawili wakakatwa mshahara. Huyu wa kwetu alipojaribu kubisha, akaambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Bosi alimwambia maneno ambayo mimi sikuyasahau: "Kompyuta haina chuki na mtu."

Nikamuuliza, "Na wewe unaonaje? Mnalehemu ovyo?"

Akasema, "Mjomba, kuna bodi moja ilikataliwa. Nikairudisha mashineni bila kuigusa kwa chochote, ikapita. Nilipomwambia bosi, akasema nimeichezea."

Mimi, ndugu wasikilizaji, nimesomea uandishi wa habari, sikusomea umeme. Lakini kazi yetu imenifundisha jambo moja kuhusu mashahidi. Shahidi akitoa maneno mawili yanayopingana juu ya jambo moja, huwezi kuanza na kumhukumu mshtakiwa. Unaanza na kumhoji shahidi. Nikamwambia kijana, "Rudi kaombe jambo moja tu. Omba mashine nayo ipimwe."

Alikwenda. Bahati yake, pale karakanani kuna fundi mkuu, mtu mzima aliyezoea mitambo, naye alikubali wabaki baada ya saa za kazi. Yaliyofuata kijana alinisimulia hatua kwa hatua, nami nayaleta kwenu kama nilivyoyaelewa, kwa kuwa humo mna funzo.

Kwanza, walichukua bodi moja waliyokuwa na uhakika nayo, iliyokwisha kupimwa kwa mkono sehemu zake zote. Asubuhi, mashine ikiwa bado baridi, waliipima mara 20. Ilipita mara zote 20. Jioni, baada ya mashine kufanya kazi kutwa, waliipima tena mara 20. Ilipita mara 13 na kukataliwa mara 7. Bodi ni ile ile, haikulehemiwa upya wala haikuguswa. Kilichobadilika ni mpimaji.

Pili, waliacha kutazama taa, wakasoma tarakimu. Taa husema nzima au mbovu, basi. Tarakimu zinasema zaidi. Walipozichapisha waliona kwamba kila taa nyekundu ilitokana na vipimo vya upande mmoja tu, na kwamba vipimo hivyo vilipandapanda na kushuka bila mpango. Kifaa kibovu kwa kawaida huwa kibovu kwa namna moja. Kipimo kinachoyumba bila sababu mara nyingi ni dalili ya mguso uliolegea mahali fulani.

Tatu, waliifanya mashine ijipime yenyewe. Badala ya bodi, waliweka kipande cha shaba tupu kinachounganisha pini zote, ili kila njia itoke kwenye mita, ipite kwenye rilei, na irudi kwenye mita. Njia nzima inatakiwa kuwa na ukinzani mdogo mno. Rilei mpya ya aina hiyo, ncha zake zikigusana sawasawa, ukinzani wake hauzidi sehemu ya kumi ya omu moja.

Lakini hapo pana mtego. Nyaya za mita nazo zina ukinzani wake, na unaweza kulingana na kile unachokitafuta. Ni sawa na muuza samaki anayepima samaki pamoja na kikapu. Kwa hiyo fundi mkuu alitumia nyaya nne badala ya mbili. Mbili zinapitisha umeme, na mbili nyingine zinapima volti pale pale kwenye ncha za rilei. Kikapu kinabaki nje ya mizani.

Nne, hawakupima rilei moja moja. Walizigawa nusu kwa nusu. Tatizo liko kwenye 32 za kwanza au 32 za pili? Likionekana upande mmoja, nao unagawanywa: 16, kisha 8, 4, 2, mpaka moja. Kwa hatua sita tu walikuwa wameifikia. Ilikuwa rilei ya 23.

Na sasa sikilizeni hili. Rilei ya 23 ilikuwa inalia "tak" kama wenzake wote. Ukiweka sikio ungeapa kwamba ni nzima. Ule mlio unakuambia tu kwamba sumaku imevuta na kibapa kimekwenda. Haukuambii kama ncha zimegusana na umeme unapita. Kijana wetu aliniambia, "Mjomba, mlio upo, mguso haupo." Asubuhi ukinzani wake ulikuwa umepanda kidogo tu juu ya kiwango. Ilipopata joto ukaruka kufikia omu kadhaa, na kila ilipofunga upya ulitoka na tarakimu nyingine.

Fundi mkuu hakuridhika haraka. Alisema huenda kosa si la ncha bali la ile koili ya sumaku, kwani shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, takriban sehemu nne kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Koili ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60, inapoteza nguvu zake kwa kiasi cha kuonekana, na rilei inaweza kushindwa kuvuta kabisa. Wakapima umeme unaofika kwenye koili mchana, wakaukuta unatosha, na kibapa kinavuta. Basi si koili. Mwishowe wakaibadilishana nafasi rilei ya 23 na jirani yake. Tatizo likahama pamoja na rilei. Hapo ushahidi ukakamilika.

Kijana aliniletea rilei hiyo, akaifungua kwa kisu juu ya mkeka wangu. Ncha zake zilikuwa zimeungua, nyeusi, zina vishimo kama jino lililooza. Nikamuuliza kwa nini wasipitishe msasa kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye platini za magari. Akatikisa kichwa. Ncha za rilei za kupimia, alisema, hupakwa dhahabu nyembamba mno. Ukipitisha msasa umeiondoa dhahabu, na kesho utakuwa na tatizo kubwa zaidi. Rilei iliyochoka hubadilishwa.

Lakini iliungua kwa nini, na wenzake 63 ni wazima? Jibu lilipatikana kwenye programu ya kompyuta. Kwenye bodi zile mna kapasita, yaani vifaa vinavyotunza umeme kwa muda. Zamani mashine ilikuwa inangoja kidogo, kapasita zimwage umeme wake, ndipo rilei ya 23 ifunge. Miezi michache nyuma kuna mtu aliiondoa subira hiyo ili kazi iende haraka. Kuanzia siku hiyo rilei ilikuwa inafunga juu ya umeme uliojaa, na kila ilipofunga ilitoa cheche. Haraka haraka haina baraka.

Hebu tupige hesabu pamoja. Rilei nyingi za kawaida hutajwa na watengenezaji kwamba zinaweza kufunga na kufungua mara milioni 10 zikiwa hazibebi mzigo. Zikibeba mzigo kamili, idadi hiyo hushuka hadi kama mara 100,000. Sasa chukulia mashine inapima bodi 300 kwa siku, na rilei moja inafunga mara 10 kwa kila bodi. Hiyo ni mara 3,000 kwa siku. Bila mzigo ingekaa siku zaidi ya 3,300. Kwa mzigo kamili inamalizika kwa siku 34 za kazi. Kuokoa nusu sekunde kumekula miaka ya rilei, na karibu kule na mkate wa watu watatu.

Wasije watu wakadhani aibu hii ni ya karakana zetu tu. Tarehe 9 Septemba 1947, huko Marekani, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa wanatafuta kwa nini mashine yao kubwa ya kukokotoa, iitwayo Mark II, inatoa majibu mabaya. Mashine ile ilikuwa inafikiri kwa rilei. Wakatafuta paneli kwa paneli mpaka wakafika kwenye rilei ya 70 ya paneli F, wakamkuta nondo amebanwa katikati ya ncha. Walimchomoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa makumbusho mpaka leo. Mimi mwenyewe hapa Kerege nimewahi kukosa maji siku mbili, pampu hailii, kumbe sisimizi wamefanya makao kwenye kisanduku cha swichi na kupondwa katikati ya ncha. Ukijumlisha wadudu, vumbi, na upepo wa chumvi unaotufikia kutoka baharini, utaelewa kwa nini rilei zetu za pwani hazizeeki kwa raha.

Lakini, ndugu wasikilizaji, bado sijafika kwenye jambo lililonikosesha usingizi.

Rilei ya 23 ilikuwa inawakataa wazima. Hilo ni baya, lakini linaonekana, kwa sababu taa nyekundu zinazidi na watu wanapiga kelele. Je, ingekuwa rilei nyingine? Mle ndani mna rilei ambayo kazi yake ni kupeleka umeme mkali kwenye ganda la chaja, kuangalia kama umeme unavuja na unaweza kumrusha mtu. Kipimo kikisoma sifuri, maana yake hakuna uvujaji, na taa ya kijani inawaka. Sasa rilei hiyo ikikataa kufunga, umeme wa majaribio haufiki kabisa kwenye chaja. Mita itasoma nini? Sifuri. Taa itawaka ipi? Kijani. Chaja zote zitapita, nzima na mbovu, leo, kesho na mtondo. Hakuna atakayelalamika, kwa sababu kila mtu anaipenda taa ya kijani. Wa kwanza kugundua atakuwa mtoto aliyeshika chaja hiyo na mikono yenye maji.

Ndiyo maana haitoshi kuipa mashine bodi nzima inayojulikana na kuona kama itaikubali. Lazima pia uipe bodi mbovu inayojulikana, uone kama itaikataa. Hakimu anayesema ndiyo kwa kila mtu si hakimu.

Jambo hili tunalijua mahali pengine, ila hatujalipa jina. Ukienda zahanati kupimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka, tazama kile kibao. Pana mstari wa herufi C. Mstari huo hausemi kama una malaria au huna. Unasema kama kipimo chenyewe kinafanya kazi. Usipotokea, mhudumu anakitupa na kuchukua kingine, hata kama pande nyingine pako safi. Mizani ya bucha nayo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana. Hakuna anayeona kwamba kufanya hivyo ni kumtukana mwenye bucha. Kwa nini basi kompyuta iachwe bila kukaguliwa, eti kwa sababu haina chuki?

Ni kweli haina chuki. Lakini haina aibu pia. Itasema uongo mara elfu kwa sauti ile ile, na haitatokwa jasho.

Nyumbani kwako, ndugu msikilizaji, funzo ni hili. Stabilaiza ikilia "tak" lakini kifaa hakipati umeme, usiseme mara moja friji imekufa. Ikilia mfululizo bila kutulia, au ikinuka plastiki iliyopata moto, izime na uite fundi. Usiifungue ikiwa na umeme. Na fundi akikuambia kifaa chako kimekufa, mwombe kwanza apime kwa mita ile ile kitu kinachojulikana kuwa kizima. Fundi mwema hatachukia.

Na kijana wetu? Lile rundo la bodi zilizokataliwa lilipimwa upya, na sehemu kubwa ilikuwa nzima. Amerudi kazini. Wenzake wawili wamerudishiwa fedha zilizokatwa. Subira imerudishwa kwenye programu, na rilei sasa zina daftari lake la kuhesabu ni mara ngapi zimefunga. Kila asubuhi, kabla ya kazi kuanza, mashine hupewa bodi mbili: moja nzima, na moja mbovu iliyopakwa rangi nyekundu ili isichanganyike na nyingine. Anayezipeleka ni yeye.

Nilimuuliza kama bosi aliwaomba radhi. Alicheka kidogo, akasema, "Mjomba, alisema tu kwamba mashine ilikuwa na hitilafu."

Basi ndugu wasikilizaji, mashine ilipata jina lake, hitilafu. Wale vijana kwa wiki tatu waliitwa wavivu. Wengi wenu mnaonisikiliza mna mamlaka juu ya watu wengine: mna orodha, mna mizani, mna mitihani, mna kompyuta zinazowasha taa nyekundu. Kabla hamjakata mshahara wa mtu, muulizeni kwanza huyo mpimaji wenu alipimwa lini, na nani, na kwa kitu gani.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.